Ati "umekuja kununua au umekuja kuzuru?" Mbele za watu!

MkeWaBajeti:
Assalaam alaykum wote, wa kujibu ajibu na wa kucheka achekee kwao. Nimeingia ndani sasa hivi, buibui sijavua, kapu nimelitupa dakani, mbaazi sikununua na naandika kwa kidole kimoja kwa sababu mikono yatetema kwa hasira.

Mtu mwenyewe mwamjua. Sitaji jina, nikilitaja nitakuwa nimemtangazia biashara bure. Ni huyu huyu wa huku Lamu, mtaa wa Langoni, mwenye kucha moja ndefu ya kidole cha mwisho, ile anayopigia mstari kwenye daftari la deni. Eeh. Huyo. Ushamjua na ushakasirika.

Mimi naishi kwa hesabu wala sioni haya. Kusi hii bahari imechafuka, mister hatoki kila siku, na akitoka arudi na tafi watatu na hadithi ndefu. Kwa hivyo siku yangu ni 500, watu sita, na ndani ya hiyo 500 mna mchele, nazi, kitoweo, tokeni za stima na mtoto anayelilia biskuti kila akiona mlango wa duka. Samaki akipanda bei twala ng'onda, nazi nakamua mpaka tui la tatu ambalo ukweli ni maji yaliyowahi kukutana na nazi, machicha wala kuku. Na kabla sijanunua chochote napita maduka manne nauliza bei naandika kwenye daftari. Kuuliza bei imekuwa dhambi tangu lini?

Sasa leo baada ya alasiri nikaenda na kibaba changu. Ndio, changu. Ni cha marehemu bibi yangu mzaa mama, cha bati, ndicho tunachopimia fitri kila mwaka, vibaba vinne pishi moja kila kichwa, na hakijawahi kusema urongo. Chake yeye kimebonyea matako mpaka ukikipindua waweza kunywea kahawa kule chini. Halafu ajaza, achukua kile kijiti chake afuta juu pwaa, kibaba cha mfuto, lakini bei anayokutajia ni ya kibaba cha tele, kile cha kurundika. Ukinunua pishi kwake watoka na vibaba vitatu na dua.

Nikamwambia kwa adabu zangu zote, kaka, hebu mimina humu kwangu. Akamimina. Mbaazi zikakaa vidole viwili chini ya ukingo. Vidole vyangu hivi, si vya mtoto. Nikasema basi nijazie.

Jamani. Akakiweka kile kijiti. Akajipangusa mikono kwenye kikoi polepole kama anayetaka kusalisha. Hakunitizama mimi, akatizama watu, akapaza sauti: "Bi dada, bei za hapa waziuliza tangu Maulidi. Hapa ni duka. Umekuja kununua au umekuja kuzuru?"

KUZURU. Mimi. Kama gunia lake la mbaazi ni kaburi la walii nimekuja kulisomea Fatiha.

Na ingekuwa ni mimi na yeye tu ningemeza. Lakini wakati huo huo kulikuwa na punda wa mchanga anapita, na mwajua njia yenyewe ilivyo, punda mmoja na magunia mawili njia imekwisha. Yule punda akasimama. Punda wa Lamu hasimami kwa fimbo ya mwenyewe, leo akasimama kunisikiliza mimi nikitukanwa! Nyuma yake watu wakakwama, mbele watu wakakwama, watoto wa chuoni, mama mmoja na sinia la mahamri kichwani, wote hawana pa kupita wakabaki kunitizama mimi na kapu langu. Barazani mzee mmoja kahawa ikampalia. Na mwanangu, damu yangu mwenyewe, akanivuta buibui akauliza kwa sauti ya muadhini: "Mama, kuzuru ni nini?"

Siwezi kula. Nikifumba macho namuona ajipangusa mikono. Umekuja kununua au umekuja kuzuru. Umekuja KUNUNUA au umekuja KUZURU. Duka lenyewe lina taa moja na paka wawili, cha kuzuru humo ni nini?

Punda_Mchovu:
Nimesoma mpaka mwisho nikitafuta kosa la punda sijaliona. Mwacheni.

BintiWiyoni:
Pole shoga. Mtu huyo mimi simsahau 2022, serikali ilipotangaza unga wa mahindi pakiti ya kilo mbili ushuke kutoka 205 mpaka 100. Kila nikienda asema wa mia haujavuka Mokowe, kule bara boti zinakopakia. Leo haujavuka, kesho haujavuka, bei ikarudi juu ndipo rafu ikajaa. Nilimuuliza huo unga ulikuja kwa boti au ulikuwa ukiogelea.

KofiaYaVito:
Hahahaha dada ulikwenda dukani na kibaba chako?? Kesho kwa bucha utakwenda na ng'ombe wako mulinganishe?

MkeWaBajeti:
Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 kila mtu aenda dukani na kapu lake hakuna anayecheka, mimi na kibaba changu ndio kioja. KofiaYaVito wewe ni wale waume wakiulizwa mchele bei gani wanasema "si uko jikoni".

KofiaYaVito:
Lakini si uko jikoni kweli?

Mgeni_wa_Bara:
Wasee kwani huko hakuna supamaketi? Enda chukua pakiti imeandikwa kilo moja, lipa, toka. Hizi stori za kibaba ni za lini?

BintiWiyoni:
@Mgeni_wa_Bara hiyo pakiti yako yatoka Mombasa kwa lori, Mokowe yashushwa yapakiwa boti, ikifika gatini yapakiwa rukwama au punda. Mpaka iketi rafuni ishapanda vyombo vitatu, na nauli yote ni juu yako. Halafu si kila mtu ana pesa za pakiti nzima, mtu ataka ya 50, ya leo, kesho ina Mungu wake.

Mzee_wa_Baraza:
Aliyepaliwa na kahawa ni mimi na naomba nisahihishe. Kwanza kahawa ilikuwa moto, mengine hayanihusu. Pili huyu bibi ameliacha alilosema yeye. Kabla ya hilo la kuzuru alivitia vile vidole viwili ndani ya kibaba, akavinyanyua juu kama anayeapa, akasema "tizameni mwizi wa vidole viwili". Ndipo yule bwana akajipangusa mikono. Tatu, watu wa yeo hamujui mfuto na tele. Sisi zamani ukinunua ulitaja kabisa, nataka tele, na muuzaji alirundika mpaka zikamwagika mkekani, na zile za mkekani ni za kuku. Nyinyi mwauziana mbaazi kwa kijiti na bado mwashangaa.

MkeWaBajeti:
Mzee wangu shikamoo. Vidole nilinyanyua sikatai. Lakini hilo neno mwizi nilisema kwa sauti ya ndani.

Mzee_wa_Baraza:
Marahaba. Ilitoka nje.

Punda_Mchovu:
Hata mimi nilisikia.

ShogaWaShela:
Nyinyi mwalilia vidole viwili vya mbaazi, njooni kwangu mulie vizuri. Mimi mume wangu apima chumvi. Nikiomba mia ya sabuni naambiwa kusi hii mke wangu, hali ngumu, tubane. Sawa, nikabana. Wiki nzima ng'onda, mchana ng'onda, usiku ng'onda, paka wa jirani amehamia kwangu na vyombo vyake. Jana kaka yangu anipigia simu, ati shemeji yuko huku pwani anunulia baraza nzima mishkaki. Baraza NZIMA. Na mikate ya mofa juu yake. Akirudi nyumbani ananiuliza kuna nini cha kula, nikamwambia kuna chumvi, pima.

Jina_Limehifadhiwa:
Shemeji mimi sikujui lakini nadhani huyo bwana ndiye aliyetulisha jana. Mungu amzidishie. Ilikuwa laini ile nyama.

ShogaWaShela:
Toa jina lako la kweli.

Jina_Limehifadhiwa:
Limehifadhiwa.

MamaTui:
Mimi nina swali kwa mwenye uzi. Kapu umesema umelitupa dakani, mbaazi hukununua, mtoto umerudi naye. Kibaba cha marehemu bibi kiko wapi? Maana nimesoma mara mbili sijaona pahali umekitoa pale.

MkeWaBajeti:
Ngoja.

MkeWaBajeti:
Yaa Rabbi. Kiko juu ya meza yake.

BintiWiyoni:
INNA LILLAHI

Fundi_Dau:
Ahaaa! Mimi nimepita hapo baada ya magharibi, vibaba viwili vya mchele, nikafika nyumbani mke wangu auliza leo umeongeza pesa? Nikasema la, pesa ni ile ile. Akapima tena, akaniangalia kwa jicho la nimekopa. Kumbe! Alikuwa apimia kibaba cha zamani cha bati, mkono umepindika kidogo. Ndicho?

MkeWaBajeti:
Umepindika kwa sababu bibi alimpiga nacho mwizi wa kuku. Ndicho. Na ANAPIMIA WATU??

Fundi_Dau:
Tena kijiti sikukiona. Kile chake cha zamani kimepinduliwa chini pale mlangoni, paka anywea maziwa kule matakoni.

MamaTui:
Bi dada nakuomba kwa heshima ya Mtume, usikifuate usiku huu. Ngoja kesho saa nne asubuhi ninunue mchele wa wiki kwanza.

BintiWiyoni:
Na mimi maharagwe. Shoga samehe tu mpaka Ijumaa.

MkeWaBajeti:
Nyinyi hamuna haya!! Mimi nimetukanwa mbele ya punda nyinyi mwapanga foleni?

KofiaYaVito:
Niko hapa sasa. Foleni imefika kwa fundi cherehani. Nimeulizwa nanunua nini, nimesema mimi nimekuja kuzuru.

MkeWaBajeti:
Natoka na kaka zangu wawili. Asiondoke mtu.

ShogaWaShela:
Ukipita pwani nitizamie yule wangu. Amevaa shati la samawati na uso wa mtu anayebana matumizi.

Mita_Yangu:
Kwa hivyo hakuna wa kuzungumzia stima? Nina mpangaji juu, twatumia mita moja, tokeni nanunua mimi yeye atoa nusu akikumbuka. Kila Alhamisi usiku apasi kanzu saba. Saba! Mtu mmoja ana Ijumaa ngapi kwa wiki? Nimetia ya 200 jana, asubuhi naangalia mita yaniandikia 3.

Mzee_wa_Baraza:
Mpe pasi ya makaa.

Mita_Yangu:
Makaa nayo nitanunua mimi.

MamaSinia:
Mimi ndiye mwenye sinia la mahamri niliyekwama nyuma ya huyo punda. Nimesoma uzi mzima nikingoja mtu mmoja tu aulize mahamri yangu yalipoa au hayakupoa. Hakuna. Yalipoa. Nimerudi na kumi na nane.

Fundi_Dau:
Sasa kwa kuwa umejitokeza mwenyewe mama, tuzungumze. Hamri lako la 10 mbona siku hizi ukilibonyeza latoa upepo kama tairi ya baiskeli? Zamani mawili na chai mtu yuafika adhuhuri. Mimi leo nimekula matano na bado nikamuangalia mwenzangu mdomoni.

MamaSinia:
Unga umepanda, sukari imepanda, mafuta usiniambie, gesi nikiifungua moyo wadunda, iliki natia kwa kuhesabu punje. Bei nimewaachia ile ile 10. Kwa hivyo upepo ndio kitu cha pekee nilichopata bure, na nimewatilia wa kutosha.

MamaTui:
Mimi ya kwako nayapenda lakini iliki haipo mama, tuseme ukweli. Nilidhani ni mafua.

Punda_Mchovu:
Yaliyolala punda wala?

MamaSinia:
Punda ndiye aliyenilaza na kumi na nane, leo akome. Kesho nakaanga mapema baada ya alfajiri. Atakaye hamri la tele aseme sasa ni 15, la mfuto ni 10 kama kawaida.

Mgeni_wa_Bara:
Hizo za 15 mnaweza tuma Nairobi? Nauliza tu.

BintiWiyoni:
Mimi tele manne. Na mbaazi za nazi ukiwa nazo.

Mita_Yangu:
Mfuto matatu. Mpangaji akiuliza sijaagiza.

KofiaYaVito:
Niwekee tele sita mama, nitayapitia asubuhi nikitoka hapa foleni.

MamaSinia:
Kofia, zile sita za Jumanne bado hujalipa.