Boila za kambini: zabuni ziachiwe biashara ndogo za Lamu?

HOJA: Sheria ya Kenya ya ununuzi wa umma ya 2015 inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Jeshi linaponunua boila (mitambo ya kuchemsha maji yawe mvuke), tanuri na hita za maji za jikoni na dobi, vitu hivi viingie kwenye fungu hilo au viachiwe makampuni makubwa?

MKANDARASI, MOKOWE: Viingie. Boila ya jikoni si siri ya vita. Kifungu cha 90 kinavitaka vyombo vya usalama viwe na orodha mbili, ya wazi na ya siri. Mvuke wa kupikia wali mahali pake ni kwenye ile ya wazi. Mwenye cheti cha AGPO, mpango wa serikali wa kuyapa makundi hayo zabuni, hadaiwi dhamana ya zabuni, anatia saini fomu ya tamko tu. Kinachotukwamisha ni mtaji baada ya LPO, ile hati ya kuagiza bidhaa. Muuzaji wa Mombasa anataka pesa kabla boila haijapanda lori, kambi inalipa baada ya kukagua.

FUNDI BOILA, MALINDI: Ndugu yangu, mtaji ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni maji, nayo haiandikwi kwenye zabuni. Visima vya visiwani vina maji matamu machache yaliyokaa juu ya maji ya bahari. Ukivuta sana, chumvi inapanda. Muuzaji analeta mtungi wa kulainisha maji, anadhani amemaliza. Mtungi ule unatoa kalisi na magnesi na kuweka sodiamu mahali pake. Unazuia ukoko, lakini chumvi haipungui.

Tupige hesabu. Tuseme mtengenezaji ameruhusu miligramu 3,000 za madini kwa lita ndani ya boila. Maji yakiingia na 1,500, kila kilo ya mvuke unamwaga kilo nzima ya maji ya moto ili usivuke kiwango. Yakiingia na 500, unamwaga gramu 200. Yakipita kwanza kwenye mtambo wa kuondoa chumvi yakabaki 50, ni gramu 17 hivi. Asiyemwaga atapata povu, matone ya chumvi yatasafiri na mvuke hadi kwenye valvu, na kloridi itatoboa chuma vishimo vishimo. Zabuni ya "kilo 300 za mvuke kwa saa, shinikizo la baa 7" isiyo na ripoti ya maabara ya maji ina kasoro, ashinde mdogo au mkubwa.

MKAGUZI, LAMU MJINI: Maji nakubali. Ila boila ni chombo cha shinikizo, inaua. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa kila miezi 12. Dalali mwenye kampuni ya mkobani ataileta, alipwe, na simu asishike tena. Dai nambari ya boila, cheti cha mtengenezaji na cha jaribio la kuijaza boila maji kwa shinikizo; kwa kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, jaribio hilo ni mara 1.5 ya shinikizo lililoruhusiwa, yaani baa 10.5 kwa boila ya baa 7. Mimi ningeigawa zabuni: chombo chenyewe kwa anayeidhinishwa na mtengenezaji, halafu tangi, mabomba, dawa za maji na matengenezo ya miaka miwili kwa biashara ndogo.

MKANDARASI, MOKOWE: Hapo bibie umetuachia makombo, pesa yote iko kwenye chombo.

FUNDI BOILA, MALINDI: Basi tuulize kama mvuke unahitajika. Kuoga na kuosha vyombo havihitaji. Kupasha lita 1,000 kutoka nyuzi 27 hadi 65 kunakula kilowati-saa 44, kama lita 5.5 za dizeli kwa ufanisi wa asilimia 80. Kazi hiyo inafanywa na hita isiyo na shinikizo na paneli za jua, maji ya kisima yakipashwa kupitia koili ili paneli zisizibe. Mkataba kama huo biashara ndogo inaubeba mzima.

MKAGUZI, LAMU MJINI: Huo naupitisha, kwa sharti vipuri viletwe siku moja na mtambo: nozeli mbili, jicho la kuona moto, valvu ya umeme ya dizeli, na chujio la kutenga maji, maana tangi la dizeli pwani halikosi unyevu. Kichomeo kikizima Ijumaa jioni, nozeli ikiwa Mombasa, askari wataoga maji baridi hadi Jumatatu.