Kikohozi kikavu baada ya mbio ndefu: njia za hewa zinaharibika?

Mkimbiaji wa Sinza
Ndugu zangu, habari za leo. Nina miaka 38, sijawahi kuugua pumu wala kuvuta sigara, na huu ni mwaka wa pili nakimbia na klabu yetu ya jogingi. Jumamosi tulikimbia kilomita 18, kutoka makutano ya Morocco, hapa Dar es Salaam, hadi Daraja la Tanzanite, tukapita Coco Beach na kurudi. Miguu ilikuwa salama, ila tulipoketi kunywa madafu nilishikwa na kikohozi kikavu kilichodumu karibu nusu saa. Mke wangu anasema najimalizia mapafu bure. Je, mbio ndefu zinaharibu njia za hewa za mtu mwenye afya?

Babu wa Kunduchi
Mwanangu, hiyo ni baridi ya alfajiri imekuingia kifuani. Vaa sweta, kisha unywe chai ya tangawizi.

Tabibu Mstaafu
Mzee wangu, shikamoo. Chai naiunga mkono, lakini baridi ya Dar es Salaam naitetea, haina kosa.

Mtu aliyetulia huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Akikimbia kwa kasi anaweza kupita lita 100, na kwa kuwa pua haimudu kiasi hicho, hupumulia mdomo. Hewa hiyo yote hupashwa joto hadi kukaribia nyuzi 37 na kushibishwa unyevu kabla haijafika ndani kabisa ya mapafu, na maji ya kazi hiyo hutoka kwenye tabaka jembamba la majimaji linalofunika njia za hewa. Tabaka hilo likipungua maji, chumvi yake hukolea, seli za kinga hutoa kemikali kama histamini, na kwa baadhi ya watu misuli inayozunguka njia hizo hukaza.

Wakimbiaji wa ridhaa wasio na pumu waliopimwa makohozi baada ya marathoni walikutwa na chembe nyeupe za damu nyingi kuliko kawaida, bila hitilafu ya maana katika upumuaji wao. Kwa maoni yangu huo ni mchubuko zaidi kuliko ugonjwa. Wanaoumia zaidi ni wale wanaoshindana kwa miaka mingi kwenye hewa ya baridi na kavu, kama watelezaji wa masafa marefu kwenye theluji, ambao pumu imeonekana kwao zaidi kuliko kwa watu wengine.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu wa kutosha, kwa hiyo mimi ningeutazama kwanza moshi. Mlipita Morocco saa ngapi? Foleni ikishaanza, kila pumzi ya mdomoni hukwepa chujio la pua na kwenda na masizi ya dizeli.

Dada wa Tabata
Nakubaliana na Tabibu, ila naomba asipuuzwe anayebanwa kifua. Mimi nilikuwa nakohoa na kifua kinalia kama filimbi dakika kumi hivi baada ya kusimama, si wakati wa kukimbia. Zahanati moja ilinipa dawa za kuua bakteria mara mbili bila kunipima. Baadaye, kwingine, nilipuliza kwenye mashine, nikakimbia, nikapuliza tena, na hewa ninayoitoa katika sekunde ya kwanza ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 10, kiwango ambacho madaktari hukihesabu kuwa njia za hewa zimebana. Sasa navuta dawa ya pampu kabla ya mazoezi, na napasha mwili kwa mbio fupifupi, kwa sababu baada ya hapo kifua hutulia kwa saa moja au zaidi.

Mkimbiaji wa Sinza
Nashukuru sana. Kifua hakikubana wala kulia. Tabibu, Morocco tulipita saa moja na nusu asubuhi nyuma ya daladala mbili, na leso niliyojifutia pua ilitoka nyeusi. Jumamosi ijayo tutaanzia darajani, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sweta nitaiacha nyumbani, babu anisamehe.