Baraza la Wawakilishi linaweza kufuta kozi SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) kama wanavyofanya Ohio?

Karafuu_Wete: Asalaam aleikum. Kuna sheria ya jimbo la Ohio, Marekani (Senate Bill 1 ya 2025), inayovilazimisha vyuo vya umma kufuta programu zenye wahitimu wachache. Wawakilishi wetu wanaweza kutunga kama hiyo? Na wenzetu wanahesabuje?

Tunguu_Kwetu: Waaleikum salaam. Hesabu ndipo wengi wanapokosea. Wanaohesabiwa ni waliotunukiwa shahada ya kwanza, si waliojaza darasa. Wastani wa miaka 3 ukiwa chini ya 5 kwa mwaka, programu inaondoka. Chukua 4, 6 na 3: jumla 13, wastani 4.3, imekwenda. Ungekuwa na 5 badala ya ile 3 ya mwisho, imepona. Aliyeacha mwaka wa pili hasaidii kitu. Chuo kinaweza kuomba msamaha kwa Chansela, lakini huyo ni mtendaji wa jimbo anayesimamia elimu ya juu, si Mkuu wa Chuo wa kuvaa joho siku ya mahafali. Indiana ni wakali zaidi: wastani wa 15 kwa shahada ya kwanza, 7 uzamili, 3 uzamivu.

Bandarini: Kwetu mambo yamepindana. SUZA imezaliwa na Baraza, Sheria Namba 8 ya 1999. Ila elimu ya juu ni jambo la Muungano, na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 inashika Bara na Visiwani. Baraza lina nguvu kwenye umbo la chuo. Ndivyo chuo cha fedha Chwaka na cha utalii Maruhubi vilivyoingizwa SUZA. Programu yenyewe huanzia idarani, ikapanda Skuli (kitivo), Seneti ya chuo, kisha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Huko wanaangalia krediti (1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kujisomea kukiwemo, shahada ya miaka 3 isipungue 360) na sifa za walimu. Mtaala waweza kuwa mzuri, walimu wenye sifa wakakosekana, ukakwama hapo hapo. Kwa maoni yangu kozi hapa hufa kimya kimya kwa makaratasi, bila mswada wowote.

Karafuu_Wete: Ahsanteni. Sasa mtu atajuaje kozi ingali hai?

Bandarini: Fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu huu. Iko miwili: wa kidato cha sita na wa wenye diploma. Ukifungua usio wako, utasoma sifa za watu wengine. Kozi ikiwa haimo, usilipe ada ya maombi kwanza. Waulize ofisi ya udahili.