Hivi NME la Waingereza lilikufaje?

Mleta mada: Wakuu habari zenu. Kuna mshkaji alikaa London miaka mingi kaniachia furushi la magazeti ya zamani ya NME (New Musical Express), lile la muziki lililokuwa likitoka kila wiki, nayasoma naona lilikuwa na nguvu kweli, wakikusifia unatoboa. Lilianzaje na ikawaje likapotea mtaani? Ni intaneti tu?

Santuri: Mkuu lilianza 1952, kabla ya hapo lilikuwa la wapiga akodioni amini usiamini, promota Maurice Kinn akalinunua. Kilicholipaisha ni chati, yaani orodha ya nyimbo zinazouza zaidi. Novemba hiyo hiyo Percy Dickins, mtu wao wa matangazo, alipigia simu maduka ya santuri kama 20 hivi akiuliza kinachouza, ikatoka chati ya kwanza ya Uingereza. Waliita 12 bora ila nyimbo zilikuwa 15 maana zingine zililingana, namba moja Al Martino. Na lengo halikuwa muziki bana, walitaka kampuni za rekodi zilete matangazo. 1964, enzi za Beatles, wakafika nakala laki 3 na ushee kwa wiki.

Kaka wa Forodhani: Midomo yao sasa! 1977 wakamhoji Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, mzaliwa wa Unguja kabisa, kichwa cha habari kinauliza kama huyu mtu ni bwege 😂

Dj Mstaafu: Intaneti ipo ila sio yote, tovuti walifungua 1996, mapema tu. 2000 wakammeza mpinzani wao Melody Maker watu wakajua wameshinda, kumbe soko lenyewe ndo linasinyaa. 2014 walikuwa wanauza kama 15,000 tu kwa wiki, basi Septemba 2015 wakaanza kuligawa bure stesheni na vyuoni, kava Rihanna. Kwangu mimi hapo ndo walijimaliza, anayelipa hata wakiwa wachache ni msomaji wako, wa bure anaokota anapekua analiacha kwenye siti ya treni. Unabaki unategemea matangazo tu na yenyewe yamehamia Google na Facebook. Machi 2018 karatasi kwisha.

Santuri: Jina lipo lakini, BandLab, kampuni ya muziki ya Singapore, walilinunua 2019, na 2023 wakarudisha la karatasi, kila miezi miwili, nakala chache. Mleta mada hayo yako ya mwaka gani? Kama kuna ya 76 au 77 usije ukafungia maandazi, tupia picha hapa.