Yule mchezaji mkimya kwenye filamu ya Pelé na Stallone ni nani?

Kibanda_Umiza:
Wakuu, habari za jioni. Escape to Victory, ile filamu ya mateka wa vita wanaocheza mpira na Wajerumani, tuliitazama bandani mpaka mkanda ukaanza kukwaruza. Pelé na tikitaka yake namjua, Bobby Moore namjua. Kuna mmoja hasemi sana, ila mpira ukimfikia unatulia. Mkalimani wetu alikuwa anamwita "Mrusi" tu. Nani yule?

Mzee_wa_Kona:
Mkalimani aliwapiga changa la macho. Huyo ni Kazimierz Deyna, Mpolandi, kiungo wa Legia Warszawa. Kwao walimwita Kaka, kabla hata yule Kaká wa Brazil hajazaliwa. Olimpiki ya Munich 1972 alichukua dhahabu na ufungaji bora, mabao 9. Kombe la Dunia 1974 akiwa nahodha, Poland ikawa ya tatu.

Mimi kinachoniuma ni mechi na Ureno, Oktoba 1977, pale Chorzów. Deyna anapiga kona, mpira unajikunja mpaka nyavuni, hakuna aliyeugusa. Sare ya 1-1, Poland inafuzu Kombe la Dunia la 1978 kule Argentina. Halafu mashabiki wa nyumbani wanamzomea! Kisa? Chorzów ni Silesia, mkoa wenye timu zake pinzani, yeye ni mtu wa Legia ya Warszawa.

Jezi10:
Huko Argentina ndiyo kabisa, Poland ilipocheza na wenyeji. Kempes, mshambuliaji wa Argentina, kaudaka mpira mstarini kama kipa, siku hizi hiyo ni nyekundu bila mjadala. Deyna kaenda kupiga penalti, kipa wao Fillol kaipangua. Na Kempes huyohuyo ndiye aliyefunga mabao yote mawili ya mechi hiyo.

Kibanda_Umiza:
Duh! Na filamu aliingiaje?

Mzee_wa_Kona:
Alikuwa Uingereza tayari, Manchester City, tangu 1978. Filamu ilipigwa Budapest, ikatoka 1981. Wengi kwenye ile timu ya mateka ni wachezaji wa Ipswich, klabu ya Uingereza, waigizaji wa kweli wachache. John Wark, Mskoti, sauti yake waliifuta wakaweka ya mtu mwingine. Deyna akahamia San Diego, Marekani, na uigizaji ukaishia hapo.

Septemba 1, 1989, usiku, gari lake liliingia kwenye lori lililoegeshwa kando ya barabara kuu. Akafariki akiwa na miaka 41. Majivu yake yalirudishwa Warszawa 2012.

Kibanda_Umiza:
Asante mzee wangu. Ngoja niitafute hiyo kona.