Kusaga kahawa mara mbili nyumbani: kuna faida, au ni kuchosha mkono bure?

Msafiri_Tudor
Salaam wanajamvi. Nina mashine ya mkono ya kusagia kahawa, ile ya meno ya chuma ambayo chini wageuza kidude kubana au kulegeza. Punje ni AA za Nyeri, yaani daraja la punje kubwa, zimekaangwa kidogo tu, hazijafika kuwa nyeusi. Asubuhi namiminia maji kwenye chujio la karatasi. Jioni baba mkwe akipita, ni kahawa tungu. Shida ni ya asubuhi: kikombe kimoja kina uchungu wa kukwaruza koo na uchachu papo hapo. Jamaa mmoja aniambia nisage mara mbili, kwanza chenga kubwa, kisha nibane meno nirudie. Mwingine asema niachane na mkono ninunue ya umeme. Pesa za kutupa sina. Mwaonaje?

Bint_Kibokoni
Yatenge hayo mawili, kaka. Kahawa tungu haina habari na hesabu hizo. Yachemka kwenye mdila na tangawizi na iliki, unga watuama chini, wamimina juu juu. Isage mara moja au itwange kwenye kinu, hakuna atakayejua. Cha kukuaibisha mbele ya baba mkwe ni kahawa iliyosagwa wiki jana. Swali lako ni la chujio tu.

Fundi_wa_Meno
Uchungu na uchachu kwenye kikombe kimoja ni dalili ya chenga zisizolingana. Vumbi hutoa kila kitu chake haraka mpaka ule uchungu wa mwisho. Vipande vikubwa maji yavipita kabla havijatoa utamu, vyatoa uchachu tu. Na punje zilizokaangwa kidogo ni ngumu kuliko zilizoiva sana, kwa hivyo ukizitia nzima kwenye meno yaliyobana, zakwama na kusuguliwa, kingo zatoa vumbi kabla kiini hakijavunjika.

Ukianza na meno yaliyolegea, punje yavunjika vipande vichache, kama chenga za mchele. Mzunguko wa pili mkono wako utauona mwepesi. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau: katikati ya mizunguko mimina kwenye sahani pana, upulize taratibu. Yale makapi membamba ya rangi ya dhahabu huruka, chenga zabaki. Makapi yana ladha kavu ya karatasi, sioni sababu ya kuyanywa.

Hassan_Likoni
Fundi, nakuheshimu, ila hapo wamuongezea kazi. Meno ya mashine hizo yenyewe ni ya hatua mbili. Juu ni mapana, yavunja. Chini yamekaribiana, yalainisha. Kosa la watu ni kujaza kibweta mpaka juu, punje zashindiliana na kusagana zenyewe kwa zenyewe. Weka meno pale unapotaka, tia punje chache chache huku wazungusha. Vumbi litapungua, na hutageuza kidude mara mbili kila asubuhi. Siku ukisahau ulikuwa umekibana kiasi gani, kahawa ya leo si ya jana.

Fundi_wa_Meno
Kutia kidogo kidogo nakubali, tena ni dawa nzuri. Lakini viwanda vikubwa vyasaga kwa jozi za rola zilizopangana, kila jozi imebana kuliko iliyo juu yake, na kuna sababu. Kuhusu kusahau: hesabu mibofyo ya kile kidude kuanzia pale meno yanapogusana, uandike kwenye kifuniko. Na mzunguko wa pili usimwage chenga zote kwa pamoja, zitaziba meno. Zungusha huku wamimina.

Mama_Zuu
Na sisi wenye ya visu tuseme nini? Ile ndogo ya kusagia viungo. Haina pa kubana, inakatakata tu, kwa hivyo "mara mbili" yenu kwangu ni hivi: nabonyeza kidogo, naachia, natikisa, nabonyeza tena. Kisha nachekecha kwa chujio la chai la waya juu ya karatasi nyeupe. Vumbi lapita, vikubwa vyabaki, vikubwa vile narudisha peke yake. Hiyo ndiyo hatua ya pili yangu. Vumbi naliweka kando kwa kahawa tungu, hapo Bint_Kibokoni kasema kweli.

Msafiri, jaribu hilo chujio kabla hujanunua kitu. Saga gramu 15 kwa njia ya Hassan na gramu 15 kwa njia ya Fundi, chekecha kila moja kwenye karatasi yake, tazama vumbi lipi ni jingi. Pia onja, macho peke yake hayatoshi.

Hassan_Likoni
Ya umeme ya bei nafuu mara nyingi ni hiyo hiyo ya visu, imevishwa koti zuri tu. Mwenye mashine ya meno akiiacha akanunua hiyo, amerudi nyuma. Ya umeme ya meno ni habari nyingine, na bei yake pia.

Msafiri_Tudor
Nimefanya kama alivyosema Mama Zuu. Vumbi la kusaga mara moja kwa kibweta kilichojaa ni jingi waziwazi. Kati ya kutia kidogo kidogo na kusaga mara mbili, kwenye karatasi sikuona tofauti ya kujivunia. Mdomoni ya mara mbili ilikuwa safi zaidi, lakini ndiyo niliyoipuliza makapi. Siwezi kuapa ni meno au ni pumzi.

Fundi_wa_Meno
Basi isage ya Hassan nayo uipulize, ndio utajua. Hutapata makapi yote maana mengine yashakuwa unga.

Bint_Kibokoni
Mkipuliza pulizeni upesi. Kwa unyevu huu wetu, chenga zikikaa wazi kwenye sahani zashikana, na harufu yaenda zake. Chemsha maji kwanza, saga yakikaribia.