Shaba inaganda, bariamu haiji. Nakosea wapi?

Maalim_Chake: Assalaam alaykum. Nasomesha kemia skuli moja hapa Chake Chake. Kidato cha sita wameniuliza: ile supakondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote kikipozwa sana) ya itriamu, bariamu na shaba yaweza kutengenezwa kwa umeme, kama sonara anavyochovya kidani? Suali limeninyima usingizi. Itriamu sina, nikaanza na naitreti ya shaba na ya bariamu ndani ya maji (salfeti nimeikwepa, ingegeuza bariamu unga mweupe pale pale), nikaunga betri ya pikipiki. Shaba imeganda vizuri. Nikauyeyusha ule ugando kwa asidi ya naitriki, nikadondoshea salfeti: hakuna weupe wowote. Bariamu haimo.

Mtumbatu77: Wa alaykumu salaam, Maalim. Tatizo ni maji. Shaba huganda kwenye volti +0.34, bariamu hutaka -2.9, na maji huvunjika zamani kabla hujafika huko. Bila shaka umeona mapovu. Hiyo ni haidrojeni. Wenye kazi hiyo hutumia dimethili salfoksaidi iliyokaushwa, kimiminika kinachoshika nafasi ya maji, na shaba huitia pungufu ya hesabu ya 1:2:3 (itriamu, bariamu, shaba), maana ndiyo yenye haraka ya kuganda.

Hata hivyo utando unaotoka si supakondakta bado. Unachomwa karibu nyuzi 900 ndani ya oksijeni, kisha unapozwa taratibu ili uinywe oksijeni. Ikikaribia atomu 7 kwenye fomula, ukinzani unapotea kwenye kelvini 92 hivi. Ikibaki 6, huna kitu. Wengi huugandisha juu ya fedha kwa sababu haiuharibu, lakini fedha nayo huyeyuka nyuzi 961. Tanuri likiteleza kidogo, kazi yote imekwenda.

Bi_Maabara: Maalim, nakuomba usiwape watoto. Naitreti ya bariamu ni sumu, na hiyo dimethili salfoksaidi hupenya ngozi kikabeba kilichoyeyuka ndani yake.

Maalim_Chake: Nimekusikia, dada, sitowapa. Lakini niwajibu "haiwezekani"?

Mtumbatu77: La, inawezekana, tena ndani ya maji, ila kwa oksidi nyingine! Chukua kidonge cha oksidi ya lanthanamu na shaba, La₂CuO₄, kilichokwisha chomwa. Kifanye anodi (upande wa chanya; shaba yako iliganda kathodi, upande wa hasi) kwenye maji ya potashi kali, joto la kawaida la chumba. Umeme hukisukumia oksijeni ya ziada, kikapoteza ukinzani kwenye kelvini 40 na kitu. Ni jamaa wa zile oksidi za shaba zenye supakondakta walizozigundua wanafizikia Bednorz na Müller mwaka 1986.

Maalim_Chake: Anodi! Wiki nzima nimeikodolea macho kathodi. Jumatatu nawachorea ubaoni.